Usinunue Mfumo Mzima, Anza na Kazi Moja

Swali linalotufikia mara nyingi kutoka kwa wenye biashara huwa hivi: "Nataka mfumo wa duka langu, mnanishauri ninunue upi?" Mtu ana duka la jumla, ama saluni, ama stoo ya chakula cha mifugo. Amesikia jirani amewekewa mfumo. Ameona tangazo kwenye simu. Kisha kuna kijana amekuja dukani na laptopu, akamwonyesha skrini yenye rangi nzuri: mauzo hapa, stoki pale, mishahara ya wafanyakazi chini, na kwenye kona roboti ya akili mnemba ya kujibu wateja usiku wewe ukiwa umelala. Bei imetajwa. Nusu inatakiwa leo.

Jibu letu huwashangaza wengi. Sisi ni kampuni ya malipo ya simu, na kadiri unavyounganisha vitu vingi kwenye malipo yako, ndivyo na sisi tunavyopata kazi. Hata hivyo tunasema: usinunue mfumo mzima. Chagua kazi moja inayokuumiza sasa, itafutie dawa, uone kama dawa inafanya kazi, ndio uende kwa nyingine. Na kama hiyo kazi moja hujaijua bado, basi pesa zako ziache kwenye stoki kwanza.

Tunasema hivyo kwa sababu pesa tunazozungumzia hapa ni za mtaji. Kampuni kubwa ikipoteza mamilioni kwenye mfumo uliokufa, itaandika hasara na kuendelea. Duka likipoteza shilingi laki moja na nusu, hiyo ni stoki ya mwezi mzima, ama karo ya watoto, ama mkopo wa chama ambao lazima urudishwe, mfumo ufanye kazi usifanye.

Hata M-Pesa ilianza na kazi moja

Leo ukiangalia M-Pesa unaona mikopo, akiba, kulipia stima, kulipia bidhaa, kutuma pesa nchi za nje. Ni rahisi kudhani mtu alikaa chini akachora yote hayo siku moja. Haikuwa hivyo.

Majaribio yalianza mwaka wa 2005 Nairobi na Thika, na wateja hawakufika hata 500. Vodafone na Safaricom walikuwa wakifanya kazi na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, kwa msaada wa pesa za serikali ya Uingereza, na lengo lilikuwa dogo kabisa: mkopaji alipe mkopo wake kwa simu badala ya kubeba noti hadi kwenye mkutano wa kikundi. Basi.

Walipotazama watu wanavyoitumia, wakaona mambo ambayo hawakuyapanga. Wateja walikuwa wakitumiana pesa wao kwa wao. Wengine waliweka pesa kwenye simu kabla ya safari, wakazitoa wakifika, ili wasisafiri na noti mfukoni. Wengine waliitumia kama kasha la kulaza mauzo ya siku. Na ile sehemu ya mikopo, iliyokuwa ndiyo sababu ya mradi, ndiyo iliyokuwa ngumu, maana hesabu za taasisi ya mikopo na hesabu za simu hazikuoana kirahisi.

Wangeweza kung'ang'ania mpango wa kwanza. Mkataba ulikuwepo, pesa za mradi zilikuwepo, ripoti zilikuwa zimeandikwa. Badala yake, huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, ilisimama kwenye kazi moja tu ambayo watu walikuwa wameshajionyesha wenyewe: tuma pesa nyumbani. Lipa na M-Pesa ya madukani ilikuja 2013, miaka sita baadaye. Mitambo yenyewe ilikaa Ujerumani hadi 2015 ndipo ikahamishiwa Kenya. Njia ya wazi ya watengenezaji programu kuunganisha mifumo yao, ile inayoitwa Daraja, ilikuja 2017. Hebu fikiria hiyo kidogo. Watu wenye pesa na wataalamu wa kila aina walichukua miaka kumi kufika mahali ambapo wewe unaambiwa utafika kwa wiki tatu, kila kitu ndani, kwa bei ya pikipiki.

Kitu tunachokipenda zaidi kwenye hadithi hii ni kwamba mabadiliko hayakutokana na mtindo wa soko. Hakuna aliyesoma mahali kwamba mwaka huu ni mwaka wa kutuma pesa nyumbani. Walitazama wateja. Mwenye duka ana bahati kuliko hao, kwa sababu wateja wake wako mbele ya kaunta kila siku.

Siku ya kuhamisha kila kitu

Sasa upande wa pili. Uingereza kuna benki inaitwa TSB. Ilikuwa imetoka chini ya benki nyingine kubwa, ikawa bado inatumia mfumo wa kompyuta wa mwenye nyumba wa zamani, na ililipia kodi hiyo kwa bei kali. Wamiliki wapya wakajenga mfumo wao. Wikendi ya tarehe 20 hadi 22 Aprili 2018 wakaamua kuhamisha wateja wote, karibu milioni 5.2, kwa mkupuo mmoja.

Jumapili jioni wakafungua. Watu wakashindwa kuingia kwenye akaunti zao. Wengine waliingia wakaona akaunti za watu wengine. Wateja wapatao milioni 1.9 walifungiwa nje kwa wakati fulani, na hali haikurudi ya kawaida kabisa mpaka Desemba mwaka huo. Mkurugenzi mkuu aliondoka Septemba. Benki ililipa wateja fidia ya pauni milioni 32.7, na Desemba 2022 wasimamizi wakaipiga faini ya pauni milioni 48.65.

Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha jambo la kawaida sana. Benki ilikuwa na vituo viwili vya data vya kuendeshea mfumo, na majaribio ya mzigo mzito yalifanywa kwenye kimoja tu. Tarehe ilikuwa imeshawekwa, ikashaahirishwa mara moja, na hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kusema tuahirishe tena.

Utauliza, benki ya Uingereza na duka la hadiwea Kitengela wapi na wapi? Tofauti ni saizi tu. Mwenye duka anayetupa daftari Jumamosi na kuanza na tableti mpya Jumatatu asubuhi anafanya kile kile. Jumatatu saa mbili, mafundi wa mjengo wamepanga foleni wanataka misumari na simiti, mfanyakazi hajui bei ya mabati iko wapi kwenye skrini, na madeni ya wateja wa zamani hayajaingizwa. Ukifika saa nne mchana utamkuta ameandika mauzo kwenye karatasi ya boksi. Hapo sasa una mifumo miwili na hakuna hata mmoja ulio kamili.

Daftari liishi mwezi mmoja zaidi. Ndio, inachosha kuandika mara mbili. Lakini kila jioni utalinganisha daftari na skrini, na siku zitakapofuatana bila tofauti, utajua kwa macho yako kwamba mfumo unasema kweli. Usichukue neno la aliyekuuzia.

Ni sheria ama ni mtindo?

Watu wengi wanaotuandikia wanaogopa kuachwa nyuma. Teknolojia inabadilika kila mwezi, na anayeuza mfumo anajua kuitumia hofu hiyo. Kuna maswali mawili tunayoshauri: hiki kipya ni sheria, ama ni mtindo?

Sheria haikusubiri uwe tayari. Mfano ni eTIMS ya KRA. Tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara ya kielektroniki haikubaliki kupunguzwa wakati wa kupiga hesabu ya kodi. Maana yake ni kwamba mteja wako mwenye kampuni atakuomba ankara ya eTIMS, na ukikosa, ataenda kwa mwingine anayetoa. Hilo ni badiliko la kweli na linagusa mauzo.

Lakini angalia kinachofanyika mtaani. Mtu anakuja na mfumo wa gharama kubwa, anakwambia "lazima ununue kwa sababu ya eTIMS." Si kweli. KRA yenyewe ina njia za bure, na kwa biashara ndogo isiyosajiliwa kwa VAT kuna ile nyepesi inayopatikana kupitia eCitizen na pia kwa kubonyeza nyota 222 reli, hata kwenye simu ya kawaida. Kuunganisha mfumo wako moja kwa moja na KRA kunamfaa anayetoa ankara nyingi kwa siku. Kama unatoa tano kwa wiki, unalipia barabara ya lami kufika kwa choo.

Sheria nyingine ambayo watu huisahau ni ile ya kulinda data, ya mwaka wa 2019. Ukishaanza kukusanya majina na nambari za simu za wateja kwenye mfumo, una wajibu nazo. Huwezi kumpa binamu yako orodha atume meseji za matangazo ya biashara yake. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 ama asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Kwa hivyo anayekushawishi kukusanya tarehe za kuzaliwa na nambari za vitambulisho "ili tuwe na data," mwulize ya nini.

Mtindo ndio huo mwingine. Apu ya duka lako kwa mfano. Tunaheshimu kazi ya watengenezaji apu, wengi wao ni marafiki zetu tuliosoma nao. Ila fikiria kama mteja. Ana simu yenye nafasi iliyojaa picha na video za WhatsApp. Bando analipima kwa shilingi. Je, atapakua apu ya duka la hadiwea analoenda mara mbili kwa mwaka? Mteja huyo huyo ana WhatsApp tayari, na bado kuna mamilioni ya watu wanaobonyeza nyota 334 reli kutuma pesa bila intaneti hata kidogo. Kama biashara yako ina watu wanaoagiza kila siku, kama maziwa ama chakula cha mchana ofisini, hapo tunaweza kuongea mambo ya apu. Hata hapo, anza na WhatsApp na uone oda zinakuja ngapi.

Na hiyo akili mnemba ya kujibu wateja usiku? Inaweza kusaidia, hatukatai. Shida ni kwamba itajibu kutokana na ulichoiandikia. Kama orodha ya bei ni ya mwezi wa tatu na stoki haijahesabiwa tangu Pasaka, itamwahidi mteja mabati ambayo hayapo, kwa bei ambayo imepita, tena kwa adabu sana. Hesabu stoki kwanza.

Kazi ya kwanza: pesa imeingia ama haijaingia?

Tukiulizwa kazi gani moja ya kuanza nayo, kwa maduka mengi tungesema hii: kujua kwa uhakika kwamba mteja aliye mbele yako amelipa.

Tuseme ni lile duka la Kitengela. Mwenye duka ameenda Machakos kwa matanga. Mteja amelipa shilingi 8,400 kwa till. Meseji imeingia kwa simu ya mwenye duka, na simu iko Machakos, na mtandao huko ni wa kubahatisha. Mfanyakazi anaonyeshwa meseji kwenye simu ya mteja. Je, ni ya kweli? Meseji za uongo zipo, na zinatengenezwa vizuri kweli kweli. Mfanyakazi anapiga simu, haishikwi. Mteja anaanza kukasirika, nyuma yake kuna wengine wanne. Hapo ndipo biashara inapoteza, ama kwa kumwachilia mwizi, ama kwa kumfukuza mteja mwaminifu.

Dawa ya hapo haihitaji mfumo mzima. Kwa kuanzia, zipo njia za kumpa mfanyakazi ruhusa ya kuona malipo yanayoingia kwenye till bila kuwa na uwezo wa kutoa pesa. Muulize anayekuhudumia malipo, awe sisi ama mwingine. Wengi hawajawahi kuuliza.

Ukitaka kwenda hatua zaidi, yaani fundi akuunganishie malipo na mauzo ili ombi la kulipa lijitokeze lenyewe kwenye simu ya mteja akaweka PIN tu, basi soma sehemu hii mara mbili, maana hapa ndipo tunaona programu nyingi zikianguka.

Fundi wengi hujenga kana kwamba majibu ni mawili: amelipa ama hajalipa. Majibu ni matatu. La tatu ni "bado haijulikani." Ombi likishatumwa, jibu halirudi papo hapo. Mteja anaweza kuwa anatafuta miwani. Simu yake inaweza kuzima. Anaweza kuweka PIN sawa, pesa ikatoka, lakini taarifa ya kurudi kwenye mfumo wako ikakwama njiani kwa sababu stima imepotea dukani ama seva ya fundi imelala. Programu mbaya ikikosa jibu inaandika "imeshindikana," mfanyakazi anatuma ombi tena, na mteja analipa mara mbili. Siku ya kwanza ni kisa cha kuchekesha. Mara ya tatu, mtaa mzima unajua duka lako "hukata watu mara mbili," na hiyo sifa hakuna tangazo la kuiondoa.

Programu nzuri ikikosa jibu huuliza tena: muamala huu umefika wapi? Haitumi ombi la pili mpaka ijue la kwanza liliishaje. Na kila malipo hushikanishwa na nambari yake ya muamala, ili malipo moja yasihesabiwe kwa mauzo mawili.

Kwa hivyo siku fundi anakuonyesha kazi, usiridhike na yeye kulipa shilingi moja kwa simu yake, mkapigiana makofi. Mwambie afanye haya mbele yako. Aweke PIN isiyo sahihi. Atumie laini isiyo na salio la kutosha. Ombi lijitokeze na alipuuze hadi lipotee lenyewe. Alipe, halafu achomoe waya wa intaneti kabla jibu halijarudi, asubiri dakika tano, auchomeke tena. Alipe kiasi tofauti na bei, 840 badala ya 8,400. Kisha mwulize: muamala ukirudishwa kesho kwa sababu mteja alituma kimakosa, mfumo wako utaonyesha nini? Fundi anayejua kazi atafurahia maswali haya. Asiyejua atakwambia hayo hayatokei.

Kumlipa fundi

Wacha tuongee mambo ya pesa, maana hapa ndipo urafiki huisha.

Nusu leo na nusu mwisho ni mpango mbaya kwa nyinyi wote wawili. Wewe umeshatoa nusu kabla ya kuona kitu, na yeye akifika katikati anagundua nusu iliyobaki haitoshi kumaliza, kwa sababu kila wiki umemwongezea kitu. Unajua jinsi inavyokuwa: "Ongeza tu na mahali pa madeni. Ongeza tu na ripoti ya mfanyakazi. Si ni kubonyeza tu?" Si kubonyeza tu. Kila "ongeza tu" ni siku za kazi, na fundi mwenye haya hatakwambia. Ataanza kuchelewa kushika simu.

Gawanya kazi iwe vipande vinavyofanya kazi peke yake. Kipande cha kwanza: malipo yaonekane kwa mfanyakazi. Kikifanya kazi dukani kwa wiki mbili, lipa. Kipande cha pili: mauzo yashikane na malipo. Lipa. Kila ukitaka kuongeza kitu, kiandike, kiwekewe bei na muda, na mkubaliane kinasukuma nini nyuma. Ukikwama baada ya kipande cha pili, angalau una vipande viwili vinavyokusaidia.

Wenye taaluma yao waliliona hili zamani. Mwaka wa 2001 watengenezaji programu 17 walikutana Utah, Marekani, wakaandika tamko fupi la kutetea kufanya kazi kwa vipande na kumsikiliza mteja kila mara, na ndipo hilo jina "agile" linapotoka. Siku hizi kila fundi atakwambia anatumia agile. Vizuri. Mwombe basi kitu kinachofanya kazi kila baada ya wiki mbili. Akileta tu michoro na maneno, hiyo si agile.

Na kazi ikichelewa, usikimbilie kusema "leta kijana mwingine msaidiane." Fred Brooks, aliyesimamia programu kubwa za IBM miaka ya 1960, alieleza kwenye kitabu chake cha 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi. Yule mpya lazima afundishwe, na anayemfundisha ni yule yule aliyekuwa akifanya kazi. Afadhali mpunguze yanayotakiwa.

Kuna jambo ambalo halina utani: vitu viwe kwa jina lako. Till iwe yako, na pesa ziingie kwako moja kwa moja, zisipitie akaunti ya fundi hata kwa siku moja. Jina la tovuti lisajiliwe kwako. Nywila za seva uwe nazo, zimeandikwa mahali salama. Funguo za kuunganisha malipo zitolewe kwa akaunti ya biashara. Na uweze kutoa data yako yote, mauzo na wateja na madeni, kwenye faili la kawaida la hesabu bila kumpigia mtu. Vijana wetu wanapata kazi Dubai, wanapata kazi Berlin, wanaoa, wanabadilisha laini. Si ubaya wao. Lakini tumeona duka lililobaki na skrini ya kuingia tu, na mtu pekee aliyejua nywila yuko nchi nyingine na saa zake ni usiku wa manane kwetu.

Uliza pia gharama ya kila mwezi. Kuna seva, kuna meseji zinazotumwa, kuna marekebisho sheria ikibadilika. Mfumo wa bei rahisi usio na mtu wa kuutunza utakugharimu zaidi siku KRA ama kampuni ya malipo ikibadilisha kitu, na hubadilisha.

Wako wanaotupinga

Kuna mwenzetu hapa ofisini ambaye haafikiani nasi kabisa. Anasema ukianza na kipande kimoja kimoja utaishia na mifumo minne isiyozungumza, na siku ukitaka kuiunganisha utalipa mara mbili. Ana hoja. Mwenye matawi matatu, stoo moja, na wafanyakazi kumi na watano, anayepoteza stoki kati ya stoo na tawi bila kujua wapi, huyo ameshavuka mambo ya daftari. Afadhali achukue mfumo ulio tayari, unaotumiwa na maduka mengine anayoweza kuyatembelea na kuuliza, kuliko kujengewa mpya kutoka mwanzo. Hata yeye, lakini, aanze na tawi moja.

Pia ni kweli kwamba kusubiri kuna gharama. Aprili 2022 mitandao ya simu ilipoanza kuruhusu mteja wa mtandao mmoja kulipia duka la mtandao mwingine, kuna wenye maduka waliokuwa bado wanawaambia watu "hapa ni laini hii tu," na mteja anaondoka na pesa zake. Kusikiliza mabadiliko ni sehemu ya kazi. Tunachosema ni kwamba badiliko kama hilo halikuhitaji ununue chochote. Lilihitaji ujue, na umwambie mfanyakazi.

Kama umeshasoma hadi hapa na bado unataka kuanza, chagua Jumanne ama Jumatano ya wiki isiyo na kelele. Usianze mwisho wa mwezi watu wakilipwa mishahara, usianze wiki ya kufungua shule kama unauza sare ama vitabu, na Desemba usiguse kitu kabisa. Weka fundi dukani siku nzima ya kwanza, mlipie chakula cha mchana, akae nyuma ya kaunta aone mfanyakazi wako anavyohangaika na skrini yake. Daftari liwe chini ya kaunta na kalamu iwe na wino.